Maji ya Betri ya Hai Mauna

Chupa ya kioo ilipotoka kwenye maji ya moto, ilikuwa nyeupe kama maziwa. Nilijua papo hapo kwamba nimeshindwa. Stairini yote iliyobaki chuoni, kemikali ya kutengenezea plastiki, ilikuwa ndani yake, na saa nne Daktari Athieng, msimamizi wangu, angekuja kuamua kama ningehitimu muhula huu.

Nilikuwa nikitengeneza chembe za polima ndogo mno, ambazo siku moja zingeweza kubeba dawa mwilini. Vitone vya stairini huzungukwa na sabuni ndani ya maji. Vikipata joto, hugeuka chembe ngumu. Chembe zikiwa ndogo ipasavyo, kioevu hubaki kiangavu, chenye ubuluu kwa mbali. Weupe maana yake ni chembe kubwa.

Mwenzangu Trevor alinihurumia. Alinieleza kwamba tone moja la ule weupe, likizimuliwa katika glasi ya maji, lingeonekana buluu vilevile.

"Mashine ya kupimia hatuna, Viola. Hapa macho ndiyo mashine."

"Ndiyo maana siwezi kuyadanganya."

Nilipeleka chupa kama ilivyo. Daktari aliielekeza dirishani, akauliza:

"Kabla ya kuupasha moto, mchanganyiko ulikuwa mwangavu?"

Ulikuwa na ukungu mwembamba. Niliuona, nikaupuuza kwa kuogopa kuchelewa. Nilimwambia hivyo.

"Basi andika ukungu kwanza. Utahitimu utakapojua ulitoka wapi, na kurudia jaribio bila huo ukungu."

Nilidondosha tone la maji niliyotumia juu ya kipande cha kioo, nikakianika. Lilipokauka, liliacha duara jeupe la chumvi, na chumvi hufanya vitone vishikamane vikawa vikubwa. Maji hayo nilipewa na Kizza, fundi wa betri wa mtaa wa Hai Mauna, Mganda ninayesali naye.

Nilipomwonyesha kile kioo, hakubisha. Maji yaliyotoneshwa, yale safi yasiyo na chumvi ya kujazia betri, yalikuwa yamemwishia, akajaza ya tangi ili nisirudi mikono mitupu.

"Betri za boda hazijawahi kulalamika, nyabo," alisema, akiniita bibi kwa Kiganda, kisha akainamisha kichwa. "Mimi iko na makosa."

Nilimwambia kwamba ukungu niliuona mimi. Stairini nyingine itakuja kwa barabara ya Nimule kutoka mpakani, pengine baada ya miezi mitatu. Wenzangu watavaa majoho bila mimi.

Kizza alifungua dumu jipya mbele yangu, akadondosha tone kwenye kioo changu. Tuliketi juani, tukalitazama likinywea polepole hadi likaisha. Halikuacha alama.