Wote Ni Mtui, E.

Dokta Rogath, msimamizi wake wa chuo, hakumkaribisha hata kiti. Aliisukuma tasnifu juu ya meza, ikateleza mpaka ikamgonga Victoria tumboni.

"Umeandika kwamba umehoji wazee sita. Huku nyuma kwenye marejeo namwona mmoja tu. Mtui, E. Mzee mmoja amesema kurasa arobaini peke yake? Mwalimu Victoria, huku ni kughushi."

Victoria alifungua ukurasa wa marejeo. Kweli, alikuwa mmoja. Na palepale akajua nani kamfanyia unyama huo: ile programu ya kupanga marejeo, ambayo Dokta Rogath mwenyewe aliwalazimisha wanafunzi wake kuitumia kama vile imeshuka kutoka mbinguni. Mahojiano aliyafanya Mwika na kuyarekodi kwenye simu yake, kwa Kichagga, kuhusu mfongo, ule mfereji wa jadi unaoshusha maji ya mlima mpaka kwenye migomba ya watu. Kila mazungumzo aliyapa kichwa chake cha Kichagga. Dokta akavikataa vyote. Alitaka Kiingereza kitupu, maana programu imewekwa kwa Kiingereza, na lugha nyingine aliziita takataka za kuvuruga orodha. Basi wazee sita wakapewa kichwa kimoja cha Kiingereza, mwaka mmoja, na jina la ukoo wao wote ni lilelile, Mtui. Na wazazi wa Mwika wa enzi zile walivyopenda kubatiza watoto Eli-hivi na Eli-vile! Elifasi, Eliona, Elinami, Elisante, Eliakimu, na Ebenezeri wa kufungia mlango. Programu ilipoyakata majina ikabakiza herufi ileile moja. Ikamwuliza kama iziunganishe taarifa zinazofanana. Victoria, akiwa na madaftari tisini ya kidato cha pili yanayosubiri kusahihishwa, alikubali bila kusoma.

"Ni programu, Dokta. Imewaunganisha."

"Programu haina sababu ya kudanganya. Wewe unayo. Ijumaa nataka saini za hao sita, kila mmoja pembeni ya maneno yake. Zisipokuja, nakupeleka kamati ya nidhamu, na shahada usahau."

Alimchukia mtu yule kwa moyo wake wote, na hakuona haya kumchukia.

Alhamisi akapanda Mwika na nakala mkononi. Wazee walikusanyika nyumbani kwa Elifasi, mkubwa wao, ila Eliona alikaa peke yake mwisho wa benchi. Yeye na Elifasi walikuwa hawajasalimiana mwaka wa kumi na moja sasa, kisa maji ya mfongo huohuo.

"Shikamooni, wazee wangu."

"Marahaba, mwalimu."

Elifasi alivaa miwani, akasoma kimya, kisha akarudia kwa sauti: mfongo ulichimbwa na watu wa juu, watu wa chini wanapata maji kwa hisani tu. Kiambatisho cha orodha ya waliohojiwa, kilichotolewa na programu ileile, kilikuwa kimebakiza jina moja kamili, nalo lilikuwa lake.

"Mimi nimesema haya? Mimi, mtu wa chini?"

"Hayo ni ya kwangu!" Eliona aliruka. "Mwalimu, umechukua maneno yangu ukampa mwizi wa maji?"

Hapo kila mmoja akaanza kupekua kurasa, na kila aliyepata maneno yake aliyakuta kinywani mwa Elifasi. Walimfokea Victoria kwa Kiswahili, wakamfokea kwa Kichagga, na matusi mengine hata hakuwahi kuyasikia.

Alibaki na njia moja. Alikwenda mpakani mwa kihamba, lile shamba la migomba linalozunguka nyumba, akachuma jani la isale, akalipiga fundo, akapiga magoti mbele ya Elifasi na kumpa kwa mikono miwili. Mchagga akiletewa isale hana ujanja, lazima asamehe. Elifasi alilitazama kwa hasira ya mtu aliyebanwa mlangoni, mwisho akalipokea.

"Nimekusamehe," alisema kwa shida. "Sasa ukirekebisha, nitaandikwaje?"

Victoria hakuthubutu kudanganya. "Mtui, E. Halafu herufi ndogo ya kuwatofautisha. Wewe utakuwa *a*, mzee Eliona *b*."

"Kama ng'ombe wa mnadani."

"Ndivyo Dokta anavyotaka."

"Mpigie. Mwambie majina yetu yaandikwe yote."

Alipiga, akaweka sauti kubwa ili wote wasikie. "Dokta, niko na wazee. Wanaomba majina yao yaandikwe kamili, ndipo wasaini."

"Victoria, muundo ni muundo. Siharibu kazi ya kimataifa kwa ajili ya vizee vya migombani. Wasaini, wasisaini, shauri lako." Akakata simu.

Eliona aliinuka, akaenda kusimama kando ya Elifasi.

"Futa sauti yangu kwenye hiyo simu," alisema.

"Na yangu," akasema Elifasi. "Msamaha nimekupa, mwanangu, siutengui. Lakini huyo wa kwenye simu hajaniletea isale."

Tangu ugomvi wa maji uanze, wazee hao wawili hawakuwahi kukubaliana jambo. Wenzao wanne nao wakataka zao zifutwe. Victoria alijua kwamba bila sauti hizo hana tasnifu, hana shahada, na kesho kamati inamsubiri. Alijua pia kwamba sauti hazikuwa zake. Akazifuta zote sita mbele ya macho yao, huku analia waziwazi, na hakuna aliyemzuia.