Kichanja Mlangoni kwa Musimbi

Shivachi alikuwa mtu wa kumaliza kazi za wenzake na kuziacha zake. Fundi wa mbao mzima, lakini mlango wa nyumba yake ulifungwa kwa msumari uliokunjwa. Kwa hiyo nilipomwona Jumamosi ile asubuhi ametandaza mbao nje ya mlango huo, pale Laini Saba, Kibera, tulipokuwa tumepanga ukuta kwa ukuta, sikuweza kujizuia.

"Leo jua limetokea wapi, jirani?"

"Usinicheke, Mama Nzuki," akasema. "Natengenezea Musimbi kichanja cha kukatia kuni."

Hapo mzaha ukaniisha. Musimbi, mkewe, alikuwa kitandani tangu mvua za masika, amekwisha mwili, amebaki macho. Miaka ile ya tisini ugonjwa wenyewe hatukuutaja. Tulisema tu "anaugua", na aliyeuliza zaidi alionekana hana adabu. Harufu ya mafuta ya taa ikitoka kwenye stovu, anatapika kabla sufuria haijachemka. Moshi wa makaa ulimkaba kifua. Alichoweza kumeza ni uji wa wimbi uliopikwa kwa kuni, kama wa kwao Kakamega, na mimi ndiye niliyekuwa nikimpikia nyuma ya nyumba, kwenye mawe matatu. Kuni za kuokota Kibera nazo unazijua: leo unapata, kesho unarudi mikono mitupu na mgonjwa analala na njaa.

Na kulikuwa na mtu aliyengoja kumchukua. Senje Rachael, maana senje ndivyo wanavyomwita shangazi kwao, alikaa Kawangware na alitaka Musimbi apelekwe nyumbani. Mama huyo hakuwa na breki mdomoni. Alisema mbele ya mgonjwa kwamba aliye hai husafiri kwa kiti cha basi, lakini maiti inahitaji gari lake. Nilitamani kumwagia maji. Musimbi akamjibu taratibu, "Mimi nitakaa na bwanangu. Huko mnanipeleka kungoja tu." Wakabishana mpaka wakakubaliana: akila na kupata nguvu, abaki, asipokula, mwisho wa mwezi apande basi. Basi kila bakuli la uji likawa vita, na Shivachi alikuwa amekusudia kushinda.

Wiki hiyo alikuwa akifanya kazi kwa tajiri mmoja kule ng'ambo ya Kawangware, na huko walikuwa wamepogoa miti. Akaomba matawi, akayaleta kwa mkokoteni, akayarundika mlangoni mpaka yakafika dirishani. Tatizo ni kwamba yalikuwa membamba kama vidole vya miguu, na marefu. Ukilikata tawi la namna hiyo kwa panga, linaruka linakuchapa usoni. Ukilikata kwa msumeno, linacheza. Kukata moja moja kungemlia siku nzima, naye siku aliyokuwa nayo ni hiyo moja.

Kwa hiyo akaunda kichanja. Alilaza mbao mbili ndefu chini, akasimamisha juu yake vijiti vya mbao viwili viwili vinavyotazamana, jozi baada ya jozi, kila jozi ikiwa mbali na mwenzake kwa urefu wa kuni inayoingia kati ya mafiga yangu. Alikuja kuyapima mafiga yenyewe kwa mkono wake. Matawi unayapanga humo katikati hadi yajae, unayakaza kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, kisha unapitisha msumeno kwenye kila nafasi. Unakata mara moja, zinaanguka kuni za kushika kwa mikono miwili. Tulipojaribu mara ya kwanza Shivachi alicheka kwa sauti, na Musimbi akaita kutoka ndani, "Nini hiyo?"

"Ni uji wako!" mumewe akamjibu.

Akakilaza kichanja ubavu ili akaze misumari ya chini. Akawa ameinama hivyo, anagonga nyundo kwenye mbao mpya ndefu, rundo la kuni likiwa mlangoni, wakati Senje Rachael alipotokea kwenye geti la ploti.

Mimi ni Mkamba wa Kitui, sikujua. Kwao Kakamega mtu akifariki, moto huwashwa nje ya nyumba, na waombolezaji huukalia mpaka siku ya kuzika. Kuni nyingi mlangoni kwa mgonjwa, na fundi anagonga kitu kirefu cha mbao kama jeneza: Senje hakuhitaji kuambiwa. Shivachi mila hiyo aliijua vizuri, lakini kichwani mwake siku hiyo mlikuwa na uji peke yake.

Senje aliachilia kikapu, akaweka mikono kichwani, akapiga ukemi. "Musimbi wange! Musimbi, umeniacha na nani!" Na huku kwetu hakuna anayesikia kilio akauliza kwanza. Wanawake wakatoka kila mlango, wa kanisani kwao wakaja mbio wakijifunga leso, mmoja akaanza kusimulia jinsi marehemu alivyokuwa mpole. Shivachi alikuwa akipiga kelele, "Yuko hai! Jameni, yuko hai!" Nani angemsikia? Walidhani ni uchungu.

Kisha mlango ukafunguka. Musimbi alikuwa amesimama mwenyewe, ameshika mwimo kwa mikono yote miwili. Kilio kilikatika. Senje aliziba mdomo kwa upindo wa leso, akakaa chini kwenye matope.

"Senje, amka, utachafuka," Musimbi akasema. Akatutazama mmoja mmoja, muda mrefu. Sijawahi kuona aibu kama ile ya nyuso zetu. Mwishowe akamgeukia mumewe. "Baba, nipeleke nyumbani."

"Hapana! Wamekosea tu. Angalia, kuni ziko. Za mwezi mzima!"

"Nimeziona. Ni nzuri. Nipeleke."

Shivachi alikisimamisha kichanja, akajaza matawi, akakaza ukanda, akaanza kukata, machozi yakimtiririka mpaka kwenye ndevu. Hakuna aliyethubutu kumzuia. Nikaziokota kuni nikawasha moto, kwa kuwa sikujua jambo lingine la kufanya.

Musimbi alikula uji ule akiwa ameketi mlangoni, polepole, bakuli zima, akapangusa ukingo kwa kidole. Hakutapika. Shivachi alipiga magoti mbele yake, uso umemng'aa.

"Unaona? Umemaliza wote! Si tulisema ukila unabaki?"

Musimbi akamrudishia bakuli. "Nimekula wa safari," akasema.

Mumewe aliliosha bakuli lile, akaingia ndani kumtafutia sweta, kwa sababu basi la Kakamega husafiri usiku na njiani kuna baridi.