Barua ya Kumpelekea Kavata

Maji yalikuja alfajiri, yakakohoa kwenye mfereji kabla ya kutoka, na kufikia wakati huo wanawake wapangaji wa ploti walikuwa wameshapanga mitungi yao. Phelister, ambaye kila mtu alimwita Mama Sylvance kwa jina la mwanawe, alikuwa wa pili kwenye foleni. Vidole vyake vilikuwa na unga. Alikuwa ameacha donge la chapati ndani, chapati ambazo siku hizi alizisukuma ndogo kwa sababu unga ulikuwa umepanda bei tena, na wateja wake wa pale Dandora walizitazama, wakazigeuza, wakala hivyohivyo.

Wa kwanza kwenye foleni alikuwa Nthoki, msichana wa miaka saba. Alichota maji ya kuoshea vyoo vya ploti nzima. Mama yake alipofariki, shangazi zake wa kijijini Mwingi walikubaliana kwamba Kavata, dada ya marehemu, amchukue Nairobi asome. Shule hakuwahi kuiona.

Mtoto aliinua mtungi, na Phelister akaona mkono wake. Juu ya alama nyeusi za zamani palikuwa na kidonda kipya chenye umbo la kijiko.

"Nani amekufanyia hivi, Nthoki?"

Mtoto alitazama mlango wa kijani upande wa pili wa uwanja. "Nilimwaga uji," akasema, kama anayejibu swali la kawaida.

Mlango wa kijani ulikuwa wa Kavata. Yeye ndiye aliyekuwa keateka wa ploti. Alikusanya kodi, alifungua na kufunga maji, na mpangaji akichelewa alimwekea kufuli mlangoni. Sheria zake zilijulikana na wote, hata ile kwamba mtungi wa mtu ukishapangwa kwenye foleni, hauguswi na mwingine. Usiku mtoto alipolia, watu waliongeza sauti ya redio.

Mama Kawsar, aliyekuwa nyuma, alimshika Phelister kiwiko. "Wacha, Mama Sylvance. Uliambia mzee wa mtaa, ukaambia chifu. Walifanya nini?"

"Hakuna."

"Basi? Huyo mama atakufungia nyumba, ujipate nje na watoto."

"Basi leo sikaangi chapati," Phelister akasema. Akaingia ndani, akalifunika donge kwa kitambaa, akanawa mikono.

Ofisi ya watoto ilikuwa na benchi moja ndefu ukumbini, na benchi hilo lilikuwa limejaa. Wanawake walisogea polepole, makalio kwa makalio, kuelekea mlango wa Bwana Munene. Alikuwa afisa wa pekee kwa mitaa yote ile. Chai yake ilikuwa imepoa na kufanya utando. Alikuwa mpole, alisikiliza hadi mwisho, aliandika kila neno. Phelister alianza kuwa na matumaini.

"Umefanya vizuri kuja, mama," Munene akasema. Akachukua karatasi yenye muhuri, akaandika, akaikunja mara moja. "Huu ni wito. Anatakiwa kufika hapa Alhamisi na mtoto. Mpelekee."

"Nimpelekee mimi?"

"Mlalamishi ndiye hupeleka. Ndiyo utaratibu. Anasaini hapa chini, unaturudishia nakala."

"Ofisa, huyo mama anaishi mlango wa tatu kutoka kwangu."

"Basi si mbali."

Mtu aliyekuwa mlangoni alicheka. Phelister aliegemea meza. "Atajua ni mimi. Na akijua unamtaka mtoto Alhamisi, Jumatano huyo mtoto hatakuwa Nairobi. Njoo tu umwone. Leo."

Munene aliweka kalamu chini, akaonyesha ukumbi kwa kidevu. "Hao wote wanataka niende nao leo. Niko peke yangu, mama. Lakini ngoja, nimpigie mjitolea wetu wa eneo lenu athibitishe nyumba." Akapiga simu palepale. "Ndiyo, keateka. Kavata. Mlalamishi ni Phelister, yule wa chapati... Eeh, huyohuyo."

Phelister alilisikia jina lake likitoka na simu, likienda zake.

Alipofika kwenye ploti, Kavata alikuwa uwanjani akimngoja, mikono kiunoni. Yule mjitolea aliyepigiwa simu alikuwa naye kwenye chama kimoja cha akiba.

"Karibu, wakili!" Kavata alisema kwa sauti ya kusikika mpaka orofa ya juu. "Nimeskia uko na barua yangu. Si ulete?"

Nthoki alikuwa amesimama karibu na ukuta akiwa na mfuko wa nailoni wenye nguo zake. Alikuwa amevishwa viatu, vikubwa, vya mtu mzima.

"Anaenda wapi?" Phelister aliuliza.

"Ushago. Kwani anaenda kwako? Basi la Mwingi linatoka saa tisa. Alhamisi nitaenda kwa huyo Munene wako, ninywe chai, nimwambie mtoto alirudi kwa nyanya yake. Na wewe, mrembo, utanieleza nyumba ya nani unalala."

Wanawake walikuwa wamepanga tena mitungi, kwa sababu kulikuwa na uvumi kwamba maji yangerudi. Redio ya mtu ilikuwa inatangaza mechi.

Phelister alitoa ile barua. "Haya. Saini hapo chini."

Kavata aliipokea, akaikunjua, akaisoma kichwa tu, akaanza kuichana. Alihitaji mikono miwili kuichana. Phelister alihitaji mmoja. Akaushika mkono wa Nthoki, ule usio na kidonda, akageuka kuelekea getini.

"We! Wee! Rudisha mtoto!" Vipande vya karatasi vilianguka. "Ukitoka na huyo mtoto vitu vyako utavipata nje!"

"Vifunike," Phelister alisema bila kugeuka. "Inakaa mvua itanyesha."

Alisikia nyayo za Kavata nyuma yake, kisha akasikia mtungi uliojaa maji ya asubuhi ukitua kwenye saruji. Halafu mwingine. Alipotupa jicho, Mama Kawsar alikuwa amepanga mitungi kutoka ukuta hadi ukuta, mbele ya geti, na wanawake wengine walikuwa wanaleta yao.

"Toa hizi takataka!" Kavata alipiga kelele.

"Ni foleni," Mama Kawsar alisema, akavuta buibui yake, akaketi juu ya mmoja. "Si wewe ulisema mtungi wa mtu haugusiki?"

Vicheko vilianzia juu, kwenye ngazi, vikashuka. Nthoki alipoteza kiatu kimoja barabarani, akasimama kukiangalia kana kwamba angepigwa. Phelister alimvua cha pili pia, akambeba mgongoni.

Ofisini, Bwana Munene alisimama alipowaona. "Mama, umefanya nini? Nilikupa barua."

"Imefika. Imechanwa."

"Huwezi kumchukua mtoto kwa mlezi wake hivihivi! Nani alikutuma? Hiyo ni kesi, unanielewa? Wataita ni wizi wa mtoto."

"Waite."

Hakukuwa na haja ya kuwaita. Kavata alikuwa ameshapiga simu. Munene alikuwa bado anamtafutia mtoto kiti wakati gari la polisi lilipoingia uwanjani kwa kasi na kutimua vumbi. Wanawake wa kwenye benchi walisimama wote kwa pamoja. Baadhi yao walikuwa wamelingoja gari la namna hiyo, kwa sababu nyingine, tangu mvua zilizopita.

Askari wawili waliingia. Wa mbele alikuwa mwanamke, kalamu tayari mkononi. "Nani ameiba mtoto?"

"Ni mimi, afande," Phelister alisema.

Yule askari alikuwa amejiandaa kwa ubishi. Alimtazama Phelister, akamtazama mtoto mgongoni mwake, akamtazama Munene, ambaye alikuwa anapekua meza yake bila kutafuta chochote.

"Mnamjua huyu?" aliwauliza watu wa kwenye benchi.

"Sasa tunamjua," mwanamke mmoja alijibu, na wengine wakaguna.

"Kimya hapo! Mama, utaenda na sisi kituoni. Tunaanza na jina lako."

"Anza na lake."

"Sikiza, mshukiwa ndiye huandikwa kwanza."

"Niandike mahali popote unapotaka, nitasaini," Phelister alisema. "Nifunge pia. Lakini nimeripoti huyu mtoto kwa kila mwenye muhuri, na hakuna aliyekuja. Nimemwiba, mmekuja mbio. Kama ni lazima aibwe ndiyo aonekane, basi muone. Anza na lake, afande. Mimi siendi popote."

Askari mwenzake alikohoa, akatazama saa, akasema twende. Yule mwanamke alichuchumaa, kofia yake ikawa usawa wa uso wa mtoto.

"Unaitwa nani?"

Phelister alimtelemsha Nthoki chini, miguu yake mitupu ikagusa sakafu. Mtoto alimtazama Munene, akaitazama bunduki ya yule askari wa pili, akawatazama wanawake waliosimama mbele ya benchi.

"Nthoki Kisilu," alisema.

Na kabla hajaulizwa kitu kingine, akaanza kukunja mkono wa sweta yake.