Makofi ya Mgeni

Mauwa binti Selemani hakuwa mtu wa kunyamaza, na siku ile ambayo angenyamaza ingekuwa heri, ndiyo aliyopiga makofi kuliko wote. Tuanzie hapo, maana balaa zima la Mikoroshini lilianzia viganjani.

Azimio la Arusha lilikuwa bado jipya midomoni mwa watu. Huko Mikoroshini, nyuma ya Temeke, lami ilikuwa haijafika, lakini kila nyumba kumi zilikuwa na balozi wake. Balozi wa upande wa kisimani alikuwa Mauwa, mjane wa kutoka Lindi, muuza maandazi, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya bonde akaitika. Diwani Kasimiri akamwambia awakusanye watu uwanjani, kuna mgeni. Akawakusanya. Mgeni mwenyewe, Bwana Gozbert, akashuka kwenye gari jeusi, viatu vinang'aa, na Kasimiri akatangaza: "Ndugu wananchi, huyu anataka kutujengea kiwanda cha sabuni, na bomba la maji atatuvutia. Mnampokeaje?"

Jamani, mgeni anapokewaje? Kwa watu wa kusini, na kwa wa pwani pia, mgeni hapokewi na mikono mfukoni. Mauwa akawageukia watu wake. "Pigeni makofi, nyie! Asije akatuona washamba." Wakapiga. Mwenyewe akatia na kigelegele juu.

Kumbe makofi yale yalikwenda mjini yakageuka neno lingine. Halmashauri ikaambiwa wananchi wa Mikoroshini wameridhia. Kwa ridhaa hiyo Gozbert akapewa uwanja wao, akasamehewa kodi ya kiwanja, akachongewa na barabara ya kifusi mpaka mlangoni kwake, yote hayo ili alete bomba. Seng'enge ikauzunguka uwanja, na kisima kikabaki ndani ya seng'enge. Sabuni ikaanza kutoka kwa malori. Na bomba? Thubutu! Masika yakaja yakapita, watu wakawa wanachota maji bondeni, kwenye dimbwi la wafyatua matofali. Mtoto wa Demetria, jirani yake Mauwa, akaharishwa na maji hayo hadi akalazwa, na aliporudi nyumbani alikuwa amebaki macho tu.

Hapo Mauwa akafunga kanga yake sawasawa, akamfuata Kasimiri nyumbani.

"Mama Balozi, hayo ni makubaliano ya halmashauri na mwenye kiwanda," Kasimiri akamwambia, hata kiti hakumpa. "Kwani nyie hamkukubali? Mlipiga makofi. Tena uliyeanza ni wewe."

"Tulimpigia mgeni!"

"Makofi ni makofi, mama. Tena afadhali umekuja. Jumamosi tunaletewa afisa kutoka mjini. Msamaha wa kodi unakwisha, Gozbert anaomba aongezewe, na afisa anataka aone kwa macho yake kwamba wananchi wameridhika. Wakusanye watu wako. Wapige kama siku ile."

Mauwa alirudi ameumuka kwa hasira kuliko maandazi yake. Barazani kwa Romani, mchonga vinyago, akasikia anaitwa. "Karibu, Balozi Makofi!" Ndilo jina walilokuwa wamembandika siku hizo, na lilimchoma, ingawa alikuwa hasemi. Safari hii alisema. Alimtukana Romani, akamtukana Kasimiri, akautukana na mkweche wa baiskeli uliokuwa umeegemezwa ukutani, kisha akakaa na kueleza yote.

"Basi tusiende," Romani akasema, anaendelea kugonga patasi yake.

"Tusipokwenda, atasema kimya ni kukubali."

"Tukienda ndiyo mbaya zaidi. Wazee wetu hawa ninawajua. Wakimwona mgeni, mikono inajipiga yenyewe."

Mauwa akaitazama mikono yake fundi. Mmoja umeshika nyundo, mwingine umeshika patasi. "Wewe nikikuletea mgeni sasa hivi, utapiga makofi?"

"Nitapigaje, na mikono ina kazi?"

Mauwa akainuka taratibu. "Romani, sura umenyimwa, lakini akili unayo. Nichongee mpini wa jembe. Mzuri, wa kumpa mtu mkubwa."

"Jembe la nani tena?"

"La mgeni."

Romani akacheka mpaka patasi ikamdondoka.

Jumamosi ikafika. Afisa alikuwa mwanamke wa Rungwe, Ndugu Atuganile, mwenye miwani na gauni la kitenge, mtu asiyecheka ovyo. Kasimiri akamweka kwenye kiti, Gozbert kwenye kingine, kisha akainua macho kuwatazama wananchi, akapigwa na butwaa. Kila mtu alikuja na debe tupu kichwani. Asiye na debe alikuwa na ndoo, asiye na ndoo alikuwa na karai. Na wote, wake kwa waume, wameshikilia kwa mikono miwili.

"Ndugu wananchi," Kasimiri akaanza, "tumpigie makofi ya nguvu mgeni wetu!"

Hakuna aliyeachia debe lake. Mzee mmoja mikono ilianza kumtoroka, mkewe akamkanyaga kidole cha mguu, ikarudi karaini.

Kasimiri akajichekesha. "Ndugu Afisa, wasamehe. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma."

"Basi leo utayasikia yakivuma!" Mauwa akajibu kutoka katikati ya watu.

Ndugu Atuganile akamtazama. "Mbona hampigi makofi, mama?"

"Mikono ina kazi, Ndugu Afisa. Inangoja maji." "Huko mjini mliambiwa tumeazimia jambo. Kumbe sie ndio tulioazimwa! Viganja vyetu viliazimwa, vikapelekwa mjini kusema maneno ambayo midomo yetu haikuyasema. Tulimpigia makofi mgeni, kama tulivyolelewa. Hatukumpa uwanja. Hatukumpa kisima. Hatukumsamehe kodi hata kidogo."

"Keti chini, Mauwa!" Kasimiri akafoka.

"Siketi! Mali ya umma mkitaka kumpa mtu mmoja, tuulizeni kwa mdomo, tujibu kwa mdomo. Na akishapewa, asimame hapa mbele ya watu atuambie ametimiza nini. Mtoto wa Demetria nusura tumzike kwa maji ya dimbwi. Maji ya kisima chetu yanatengeneza sabuni ya kuwaogeshea watu wa Oysterbay, sie wenye kisima tunanuka!"

Watu wakaguna. Ndugu Atuganile akavua miwani, akamgeukia mwenye kiwanda. "Bwana Gozbert, ulisamehewa kodi ili ulete bomba. Liko wapi?"

Gozbert akasimama, akatabasamu kama mtu aliyezoea kupokewa. "Ndugu Afisa, mabomba yako njiani, meli imechelewa. Mambo haya yanataka subira. Mie ni mgeni wenu tu jamani, nivumilieni."

Mungu ampe nini tena Mauwa! "Mmemsikia? Ametamka mwenyewe! Mgeni siku mbili..."

"YA TATU MPE JEMBE!" Mikoroshini nzima ikaitikia.

Romani akapenya katikati ya watu, jembe kichwani badala ya debe. Mpini wa mpingo, umelainishwa hadi unateleza, tena mzito. Akauweka mikononi mwa Gozbert kwa heshima zote.

"Mtaro wa bomba haungoji meli," Mauwa akasema. "Anza kuchimba."

Gozbert akamtazama Kasimiri. Kasimiri akawa anautazama mti wa mkorosho kana kwamba hajawahi kuuona. Gozbert akamgeukia afisa.

"Msamaha wa kodi ni mali ya umma," Ndugu Atuganile akamwambia. "Na umma umekupa jembe. Bila maji, hakuna nyongeza. Hilo nitalisema mjini kwa mdomo wangu."

Gozbert akavua koti. Akainama kando ya seng'enge yake mwenyewe, akapiga jembe moja. Udongo ukaruka ukaangukia viatu vile vinavyong'aa, na watu wakashusha pumzi kwa furaha. Ni kweli, ilikuwa tamu. Demetria machozi yalimtoka, mikono ikaanza kushuka kutoka kwenye madebe, na Kasimiri, mjanja yule, akaona upenyo. Akainua viganja juu. "Haya, ndugu wananchi! Makofi kwa..."

"Asithubutu mtu!" Mauwa akanguruma. "Madebe kichwani! Hapa makofi hapigi mtu mpaka maji yatoke!"

Mikono yote ikarudi juu. Hata Ndugu Atuganile, aliyekuwa ameshaiinua yake, aliishusha akaificha nyuma ya mgongo.

Gozbert alisimama na jembe lake, anahema, anangoja. Akangoja tena. Alipoona hakuna kinachokuja, akainama, akapiga la pili.