Kiuno cha Bawaba

Walimwita Bawaba kwa jinsi kiuno chake kilivyogeuka alipopiga mpira wa gofu: mabega yanazunguka, miguu imetulia tuli, kama mlango uliotiwa mafuta. Aliyemfanyisha mazoezi ni dada yake wa tumbo moja, ambaye mwenyewe aliacha kucheza baada ya kujifungua, lakini gofu haikumtoka moyoni.

Dada alitaka mpira uende mbali zaidi. Gereji ya nyumbani wakaigeuza jimu. Bawaba alirusha mpira mzito ukutani, akavuta kamba za mpira zilizofungwa kwenye nondo za dirisha, akainua vyuma mpaka mapaja yakatetemeka. Na kweli, mpigo ulipata nguvu. Klabuni wanaume waliacha vinywaji vyao wakamtazama.

Kisha mgongo ukaanza kuuma, chini kabisa.

"Dada, leo tupumzike. Nikijipinda nasikia kama kisu."

"Acha kudeka wewe! Mashindano yako mlangoni. Jikaze kisabuni."

Mama yao alikuwa uani akianika nguo. "Mwenzio anasema anaumwa," aliingilia.

"Mama, haya mambo huyajui."

Bawaba akauokota ule mpira mzito.

Asubuhi ya mashindano alimeza vidonge vya maumivu, akaenda. Mpigo wa kwanza uliruka vizuri, watu wakapiga makofi. Wa pili, fimbo ingali juu, alitoa sauti ambayo dada yake hakuwahi kuisikia, akaanguka kifudifudi kwenye nyasi.

"Dada, miguu yangu siisikii."

Hospitalini daktari aliwaonyesha picha. Pingili moja ya mgongo ilikuwa na ufa wa siku nyingi. Kila zoezi lilizidi kuupanua, na sasa pingili imeteleza na kubana mishipa ya fahamu. Walimpasua. Mguu wa kushoto ukapata uhai. Wa kulia, daktari alisema, wasiutegemee tena.

Dada alikuja wodini na beseni la maji ya uvuguvugu, amkande. Bawaba akaugeuzia uso ukuta.

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Nilikuambia."

"Uliniambia."

"Mwite mama. Anikande yeye."

Dada alilitua beseni chini, akatoka. Mama alikuwa kwenye benchi mwisho wa korido, lakini hakumwita. Mama alipoinuka mwenyewe kuja kumwona mgonjwa, alimkuta bintiye mkubwa amesimama kando ya mlango, mikono ingali imelowa.

"Anakutaka wewe," alisema, akampisha apite.