Kidole Kinachochelewa

Kwa heshima zote zinazostahili kinanda kikuukuu, nitaeleza jinsi kilivyomhifadhi baba yangu, Levi, mpiga kinanda wa kanisa letu hapa Kitale.

Waliokiunda hawakuwa na nafasi ya kuchezea. Kumbukumbu yake ni ndogo kuliko ya simu ya mwizi wa kuku. Sauti isingetoshea humo, kwa hivyo walioandika programu yake wakahifadhi vidole tu: kitufe gani kimebonyezwa, lini, kwa nguvu gani. Ukitaka kusikia tena, kinanda hupiga upya, kosa kwa kosa. Kidole kidogo cha baba, kilichowahi kubanwa na mlango wa stoo ya mahindi, kilichelewa daima. Humo ndani pia kilichelewa.

Baba alipofariki, mama hakulia. Alisema atalia akisikia kile kidole kaburini. Nikapewa wadhifa mtukufu wa kubonyeza, maana shuleni ni mimi niliyeifanya kengele ya chakula ilie katikati ya hotuba ya mwalimu mkuu. Niliwaonya waliokuwepo: kikichomolewa umeme, betri ndizo hushikilia kumbukumbu. Zisitolewe.

Shangazi Nangila, dada ya baba, alikuwa jikoni.

Tulimzika baba nyumbani kwao Bokoli, upande wa Bungoma. Jeneza likiwa kando ya kaburi, nikaunganisha kinanda na jenereta. Shangazi akaniinamia.

"Hicho kitu nimekitunza, Ivy. Tangu Kitale mawe yake iko kwa mkoba wangu."

"Umetoa betri, shangazi?"

"Si zingevuja? Ya redio ya babako ilivuja ikaharibu kila kitu. Na ati wewe ndio umesoma."

Mama alikuwa ananitazama. Watu wote walikuwa wananitazama. Nikabonyeza, kwa kuwa sikujua jambo lingine la kufanya.

Kinanda kisipokuwa na wimbo wa mtu, hucheza wa kiwandani. Huo watengenezaji waliupa mahali pa kudumu, pasipohitaji betri. Ukapaa juu ya jeneza, mwepesi, wa kuchezeka. Mzee mmoja akatikisa mabega kabla hajajizuia.

Mama aliinamisha kichwa, akasikiliza mpaka mwisho.

"Sio yeye," akasema. "Huyu hakosei."

Vijana wakashika kamba, wakamshusha. Mama akatupa udongo wake, macho makavu, akaenda kuketi.