Matanga ya Bibi Koro

Wasikilizaji wetu bado wananitumia ujumbe wakiuliza kipindi kinarudi lini, na chini yake wanaweka vile vikatuni vya kucheka mpaka machozi. Nasoma, nazima simu, naendelea kushona. Siwalaumu sana. Walichosikia wao ni wanawake wawili wa Kibiti wanaochambana kuhusu mambo ya angani, wakapenda. Na mimi nilipenda, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Kipindi tulikiita Kijiwe cha Zuhali. Kilihusu Watoro wa Zuhali, ile tamthilia ya watu waliotoroka gereza la angani kwa chombo kibovu, wanatangatanga kutoka sayari hadi sayari na hakuna anayewataka. Tuliitazama kwenye simu ya mwenzangu Muzdalifa yenye kioo kilichopasuka, tumekaa kwenye chumba changu cha kushonea nyuma ya stendi. Tulikuwa tunabishana mpaka wateja wanasahau kilichowaleta, wanavuta kigoda wanasikiliza. Mmoja wao akasema, nyie mbona hamjirekodi? Tukajirekodi. Magodoro tukayasimamisha ukutani kuzuia honi za mabasi, simu tukaiweka juu ya cherehani, na podikasti ikawa imezaliwa.

Utamu wenyewe haukuwa wa Zuhali peke yake. Muzdalifa ni Mmatumbi, wazee wake walishuka kutoka milimani kusini wakaja kulima korosho huku. Mimi ni Mndengereko, kwetu Mbuchi, kwenye mikoko na mpunga. Ukoo wao na ukoo wetu ni watani tangu mababu, kwa hiyo toka utotoni sijawahi kumwamkia Muzdalifa kama watu wanavyoamkiana. Yeye akiniona ananiita mla kaa. Mimi namwita mchimba ming'oko, vile viazi vya porini, namuuliza kama leo ameoga au bado anayaogopa maji. Kwenye kipindi ilikuwa vilevile. Akisema Kapteni Oru ni shujaa, mimi nasema shujaa gani huyo, ana akili za Kimatumbi, kapewa ramani ya nyota kaikalia. Watu wa Tanga na Mwanza, ambao hata Kibiti hawajawahi kuiona, walikuwa hoi.

Lakini utani una sheria yake, na wasikilizaji hawakuijua. Mtani hakasirikiwi. Anaweza kukunyang'anya sahani mbele ya wakwe zako, na ukinuna umejiaibisha wewe, siyo yeye. Haombi radhi, wala humshukuru. Ndivyo tulivyoishi, na sikuwahi kuona kama kuna ubaya.

Mama yangu aliishi na mimi Kibiti miguu ilipomkatalia shamba. Alikuwa anatazama nasi. Kile chombo cha watoro alikiita dungu, kama vile vibanda vyetu vya juu ya nguzo ambamo tunalala shambani kulinda mpunga usiliwe na nguruwe. "Dungu lao hilo litaanguka," alikuwa anasema, "nguzo zenyewe ziko wapi?" Aliyempenda kuliko wote ni Bibi Koro, ajuza anayeongoza chombo, ambaye amesahau jina lake lakini njia anaikumbuka.

Kisha mama naye akaanza kusahau. Alianza kusahau chumvi kwenye mboga, akaja kusahau rakaa, mwishowe akanisahau mimi. "Weye nani?" ananiuliza nikimwogesha. "Mrudishe Swaumu. Umempeleka wapi Swaumu wangu?" Na mimi nimesimama mbele yake, kata mkononi. Sijui kama kuna neno nililowahi kuambiwa likanikata kama lile. Muzdalifa alikuwepo. Alikuwa anafunga kibanda chake cha korosho anakuja kunisaidia kumgeuza, kumlisha uji, kumbadilisha, na hakuwahi kukunja uso. Hilo lazima niliseme, maana ni kweli.

Msimu wa nne ulipoisha, Bibi Koro akafa kwenye tamthilia. Tukamfanyia matanga kipindini. Muzdalifa akajifanya mtani wa marehemu, akaiga sauti ya kizee, akazuia jeneza lisitoke chomboni mpaka Kapteni Oru atoe mbuzi. Mbuzi wa wapi huko angani? Nilicheka mpaka nikashindwa kuendelea. Kipindi kile kikaenda kila mahali, na kutoka hapo ikawa kila siku watu wanaomba sauti ya Bibi Koro.

Mvua za masika zilipokatika, mama akafariki. Tukampeleka Mbuchi, tukamzika kwao.

Baada ya mazishi wanawake tulikuwa tumekaa mkekani, kila mtu na kimya chake. Mimi nilikuwa sijalia. Watu walikuwa wananitazama kwa pembe ya jicho, wananiogopa. Ndipo Muzdalifa akatokea uani, kajifunga kanga za mama, kashika mkongojo wa mama, anatembea mwendo wenyewe wa mama, ule wa kuburuza mguu wa kushoto. Akawa anainamia uso wa kila mwanamke pale mkekani. Alipofika kwangu akanitazama sana, akasema kwa sauti ileile ya mama, "Weye nani? Mrudishe Swaumu! Umempeleka wapi Swaumu wangu?"

Shangazi Tatu ndiye aliyeanza kucheka. Halafu wote. Halafu mimi, nikacheka kwa kelele, na kicheko chenyewe kikageuka kilio, nikalia yote niliyokuwa nimeyafungia tangu nilipokuwa nashika ile kata. Hiyo ndiyo kazi ya mtani msibani, na Muzdalifa aliifanya vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Nilimpenda siku ile kuliko ndugu wa tumbo moja.

Sikujua kwamba simu yake ilikuwa kifuani, ndani ya kanga za mama, inarekodi.

Nilikaa Mbuchi mpaka arobaini ikapita. Niliporudi Kibiti, nashuka tu stendi na begi langu, dereva mmoja wa bodaboda akamwita mwenzake, "Umempeleka wapi Swaumu wangu?" Wakacheka. Nikajiambia ni uchovu wa safari. Hatua chache mbele muuza chipsi naye akaigiza, tena kwa kuburuza maneno kama mama. Nikafika kazini kwangu. Yasmin, mteja wangu, alikuwa ananisubiri mlangoni, na kabla hajanipa pole simu yake ikaita. Ilikuwa inaita kwa sauti ya mama.

"Nini hiyo?" nikamuuliza.

"Bibi Koro, dada. Kwani hujasikia? Msimu mpya karudi, kumbe hakufa. Mwenzio kamwigiza huyo, utavunjika mbavu!"

Akanichezea kipindi chote. Muzdalifa alikuwa amekifanya peke yake. Ameweka mlio wa mitambo, ameweka mwangwi, na katikati yake maneno ya mama yangu katika kinywa cha ajuza wa angani. Nyuma ya maneno wanawake wa Mbuchi wanacheka, na juu ya vicheko vyao kinasikika changu. Yasmin alinitazama akingoja nicheke tena.

Nilimkuta Muzdalifa kwenye kibanda chake, amezungukwa na wateja. "Haya, mla kaa huyo!" akapaza sauti. "Karudi na tope lake!"

"Futa ile sauti," nikamwambia.

"Nifute? Mama yako anasikika mpaka Mwanza, na yeye hata Mkuranga alikuwa haijui! Si alikuwa anampenda Bibi Koro? Sasa ndiye Bibi Koro mwenyewe. Nimemfanya asife."

"Muzdalifa, sitanii. Futa."

"Jamani, njooni mwone! Mla kaa kanuna!" Wateja wakacheka, na nadhani yeye alidhani ananituliza, maana alinichomekea korosho ya moto mdomoni kama kawaida yetu. Niliitema. Akacheka zaidi.

Nikampigia simu, akaniimbia. Nikamwandikia ujumbe mrefu, wa adabu, wa mtu anayeumia, akanijibu kwa picha ya kaa. Na hakuwa na roho mbaya. Laiti angekuwa nayo, ningejua pa kumshika. Kila nililolisema kwa uchungu lilipomfikia likawa utani, kwa sababu mdomo wangu kwake haujawahi kutoa kitu kingine.

Nikamwendea Shangazi Tatu, aliyekuwa amekuja Kibiti kwa matibabu. Alinisikiliza huku anajipepea.

"Mtani hakasirikiwi, mwanangu," akasema.

"Kule msibani walimcheka watu waliomzika, shangazi. Hawa wanaomcheka stendi walimzika lini?"

Akaacha kujipepea. Kisha akasema, "Basi kama limekushinda, mwamkie. Zamani waliokatana utani hawakugombana. Waliamkiana tu, kama wageni. Lakini ukishamwamkia hamrudi tena, wewe na yeye. Ujue hilo kabla hujafungua mdomo."

Nilijua. Nilikaa na jambo hilo wiki nzima nikishona sare za shule, na kila sauti ya mama ilipopita dirishani nikazidi kujua.

Siku ya kipindi tulirusha mubashara, kwa sababu watu walikuwa wananisubiri nirudi. Muzdalifa aliingia na mfuko wa korosho, akayasogeza magodoro, akawasha simu. "Karibuni Kijiwe cha Zuhali! Niko na mla kaa wa Mbuchi, karudi, bado ananuka matope. Haya, mla kaa, waambie watu umetuletea nini!"

"Asalaam aleikum, dada Muzdalifa," nikasema. "Habari za nyumbani? Wazee hawajambo?"

Alipasuka kwa kicheko. Kwenye simu ujumbe ukaanza kumiminika, watu wanacheka pamoja naye. Akangoja niendelee, nimpige dongo. Sikuwa na dongo.

"Hawajambo," akasema hatimaye, bado anatabasamu. "Na wewe je, mla kaa?"

"Alhamdulillahi, dada. Samahani, naomba nisogezee hicho kiti, kama hutajali."

Tabasamu likabaki mdomoni lakini machoni likaondoka. Wamatumbi wanajua hizi habari kama sisi. Akaziba simu kwa kiganja na kuninong'oneza, "Swaumu, niite mchimba ming'oko."

"Siwezi kukuita hivyo, dada yangu. Si adabu."

"Nitukane. Nitukane chochote."

Nikakisogeza kile kiti mwenyewe, nikakaa. Akaichukua simu, akakitafuta kile kipindi, akakifuta mbele ya macho yangu. "Haya, kimefutika. Umeona? Kimefutika kabisa." Nje dirishani, mtu asiyejua lolote alikuwa anapita anamwita mwenzake kwa sauti ya mama.

"Ahsante, dada," nikasema. "Mungu akulipe."

Hakuna shukrani kati ya watani. Aliipokea kama mtu aliyemwagiwa maji. Halafu akasema neno ambalo hajawahi kuniambia toka tukiwa watoto. "Nisamehe."

"Nimekusamehe."

Na nilikuwa nimemsamehe kweli. Wasikilizaji waliendelea kucheka, wakidhani adabu ile ni mzaha mpya, mpaka alipozima simu. Wengine bado wanasema kile ndicho kipindi chetu bora.

Siku hizi tunakutana sokoni. Ananiuliza kwetu Mbuchi hawajambo, mimi namuuliza korosho mwaka huu zimetoka vipi, na kila mtu anashika njia yake. Nikifa mimi atakuja Mbuchi, najua atakuja. Atakaa mkekani na wageni, atainamisha kichwa, atasoma Yasini taratibu, na hakuna atakayezivaa kanga zangu.